Eda Katika Nyumba ya Risasi

Binti yangu alipoanza kulamba ukuta, baba yake alikuwa bado hai. Alikuwa uani anapasua betri kwa shoka, na mtoto amesimama nyuma ya nyumba, shavu ameliegemeza kwenye udongo, ulimi nje. Nikamvuta mkono. Akaniambia, "Mama, huku kutamu."

Nikaonja kwa ncha ya ulimi, ili nimwambie kwamba si utamu, ni uchafu. Lakini ulikuwa utamu kweli, mwembamba, kama maji yaliyosuuzia kikombe cha chai. Nikatema. Sikumwambia mume wangu, kwa sababu halikuwa jambo la kumpelekea mtu. Watoto hula udongo. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba ya huyo huyo nilikula wa kutosha.

Tulikaa Miteja, nyumba ya udongo na bati, na nyumba ya mama mkwe ikitazamana na yetu. Mume wangu alikuwa fundi wa chubwi, vile vizito vinavyofungwa chini ya nyavu ili zizame. Wateja wake walikuwa wavuvi wa Somanga. Alitafuta betri zilizokufa, za magari, za pikipiki, za sola, akazipasua, akamwaga maji yake makali nyuma ya nyumba, akatoa vibati vya ndani na kuviyeyusha katika karai juu ya mkaa. Ndiyo madini ya risasi hayo. Yakiiva yanakuwa kama maziwa ya fedha, na juu yake kunatanda ngozi. Ukiigusa ngozi ile kwa kijiti inajikunja, kama imeudhika. Niliwahi kukaa nikiitazama mpaka wali ukaungua.

Moshi wake haukuwa mkubwa. Ulitambaa chini, ukaingia dirishani, ukatulia. Kila nilipokung'uta shuka nilikuta vumbi la kijivu, laini kama poda. Nililizoea.

Wa kwanza kuugua walikuwa kuku. Walianza kutembea kama walevi, kichwa upande, wanazunguka palepale mpaka wanaanguka. Tukasema ni kideri. Kisha mkono wa kulia wa mume wangu ukalegea kwenye kifundo. Aliuinua, kiganja kikabaki kinaning'inia. Mteja mmoja wa Somanga, mtu wa utani, akamwambia, "Fundi, mkono huo unamuaga nani?"

"Nakuaga wewe. Chukua mzigo wako uende."

"Siendi mpaka uniage na wa pili."

Tulicheka sote, na mume wangu alicheka kuliko sisi. Haukupita muda, wa pili nao ukaanza kuning'inia. Yule mvuvi aliporudi akauona, akachukua chubwi zake, akaondoka bila utani.

Mama mkwe hakuwa na shaka. Alimtazama mwanawe akijaribu kushika kikombe, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kuna anayemshika. Huoni? Amemshika kiganja, anamvuta chini." Alileta mtu wa kufukiza ubani. Mume wangu alikubali kila kitu, kwa sababu tumbo lilimsokota mpaka akalala amekunja magoti kifuani kama mtoto mchanga, na mtu katika hali ile hakatai. Alisema chakula chote kina ladha ya chuma. Baadaye akawa ananiuliza, mchana kweupe, "Nani anapasua betri uani?" Hapakuwa na mtu. Nilitoka kuangalia hata hivyo, kwa kuwa na mimi nilidhani nimesikia shoka.

Alifariki alasiri, hospitali ya wilaya, baada ya kukamatwa na degedege kama la watoto. Hawakupata nafasi ya kujua ni nini. Tukamleta nyumbani.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alipomaliza alikuja nyuma ya pazia nilipokaa, mikono ya kanzu bado imelowa.

"Shemeji, kaka alikuwa anapaka kitu mdomoni?"

"Kitu gani?"

"Ufizi wake una mstari. Wa buluu, karibu na weusi. Umefuata meno yote, kama mtu amepaka wanja."

Nikamwambia hakuwa anapaka kitu. Akarudi kwa wanaume.

Kwetu nyumba yenye msiba haiachwi na sakafu iliyopasuka, maana wageni watakaa chini. Wanawake wa jirani walikuja kutusiribia sakafu upya kwa udongo mbichi. Udongo hawakuutafuta mbali. Waliuchota nyuma ya nyumba, pale marehemu alipokuwa akimwaga maji ya betri na majivu ya karai, kwa sababu ulikuwa mweusi, laini, hauna mawe, hauhitaji kutwangwa. Mama mkwe aliusugua kati ya vidole akalia. "Udongo wa mwanangu huu. Kama unga." Ukakauka vizuri kuliko sakafu yoyote niliyowahi kuiona. Jua la asubuhi likiingia mlangoni, sakafu ilimetameta. Waliokuja kunipa pole waliisifu.

Juu ya sakafu hiyo nilianza eda. Mjane kwetu hukaa ndani ya nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. Mtoto alikaa na mimi. Alikuwa bado hajaanza shule, mwenye maneno mengi, wa kumchosha mtu kwa maswali. Katika eda yale maneno yakaanza kumpotea. "Maji" yakawa "ma." Majina ya mashangazi zake yakapotea. Alikaa ameukabili ukuta, ameuwekea kiganja, na alichosema vizuri kilikuwa kimoja.

"Baba yumo humu."

"Wapi?"

"Humu. Mtamu." Kisha akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. "Anapasua."

Nilisikiliza. Nasema nilivyoona: sikuwa na uhakika kwamba hakuna kitu. Nilitamani kiwepo. Mama mkwe yeye alifurahi. Alikuja kila asubuhi kumuuliza mjukuu, "Baba yako kasemaje leo?" na jibu lolote lilimtosha.

Kisha siku moja mtoto akalala akilia tumbo, magoti kifuani, vilevile, upande uleule alioulalia baba yake. Nilimfunua mdomo. Mstari ulikuwepo. Mwembamba, wa buluu, umefuata vijino vyake vidogo.

Nikamwita shemeji kwa kelele. Mama mkwe alitutazama tukimfunga mtoto kwenye kanga, akasema, "Hospitali ni dharura, nenda. Lakini jua lisizame hujarudi." Jua lilizama nikiwa wodini. Daktari wa wilaya aliuliza baba wa mtoto alifanya kazi gani, nilipomjibu akaacha kuandika, akatoa damu, akatupa rufaa ya Dar es Salaam bila kungoja majibu. Nikasafiri na nguo zangu za eda, kwenye basi nikijifunika uso, nikiona aibu kama mtu aliyetoroka.

Dar es Salaam daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyependa kuficha. Aliniambia mtoto amejaa risasi. Imo kwenye damu, imeingia mpaka kwenye ubongo, na isipotolewa atakufa kama baba yake alivyokufa.

"Inatolewaje, daktari? Mnapasua?"

"Hapana. Kuna dawa inaingia kwenye damu, inaikamata risasi na kuing'ang'ania, isiachie. Kisha inatoka nayo kwa njia ya mkojo. Tutaanza na sindano."

Muuguzi aliuliza kwanza kama mtoto aliwahi kudhurika na karanga, kwa sababu dawa ya sindano moja ilichanganywa katika mafuta ya karanga. Nikasema anazipenda. Sindano ile ilikuwa ya kwenda ndani kabisa ya nyama, na mtoto aliyekuwa amepoteza maneno alipata sauti ya kupiga mayowe ambayo wodi nzima iliisikia. Mama wa kitanda cha jirani, mcheshi, akaniambia, "Mwache alie, mama. Anayelia yupo." Nilimshukuru moyoni.

Alipopata nafuu wakaleta kapsuli. Muuguzi aliifungua, akamimina unga wake kwenye uji, na harufu ikasambaa: mayai viza. Mtoto akajinyonganyonga. Tulimlisha kwa nguvu, mimi nimeshika kichwa, muuguzi ameshika kijiko. Baada ya hapo jasho lake lilinuka hivyo, mkojo wake ulinuka hivyo, hata nywele. Nilipomweleza mama mkwe kwenye simu, akasema, "Harufu hiyo si ya dawa. Hapo kuna kitu kinatolewa." Sikubishana naye. Daktari naye alikuwa ameniambia hivyohivyo, kwa maneno yake.

Mkojo ulikusanywa kwenye chombo ili upimwe. Nilikiinua chombo kile kwenye mwanga wa dirisha, natafuta fedha iliyoyeyuka, ile niliyoijua kwenye karai. Hapakuwa na kitu, ni mkojo tu. Lakini nilijua imo, na nilijua imetoka wapi. Ilikuwa kazi ya mikono ya mume wangu. Alichoacha duniani kilikuwa chubwi zilizo chini ya bahari na hiki kilichokuwa ndani ya mwili wa mwanawe, na mimi nilikaa pale nikimshikilia kichwa ili kitoke chote. Nililia kwa hilo kuliko siku ya mazishi.

Maneno yakarudi. Kwanza maji, kisha mama, kisha matusi madogo aliyojifunza wodini. Siku moja akakaa kitandani, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani.

"Mama, simsikii."

"Humsikii nani?"

"Baba. Hapasui tena."

Nikamwambia baba amefariki, Mungu amemchukua. Akauliza kama atarudi. Nikasema harudi. Alilitafakari, kisha akaomba chungwa.

Kabla ya kuturuhusu daktari aliniuliza kama nyumbani ni salama. Nilimwambia ukweli nilioujua: shemeji amevunja jiko la marehemu, amefukia mbali karai na kalibu za kumiminia chubwi, betri zote zimeondolewa. Daktari akasema dawa hii haina maana mtoto akirudi kwenye risasi, na kwamba iliyoingia mifupani itaendelea kutoka kidogokidogo, kwa hiyo turudi kupima. Nikaitikia yote. Tulirudi Miteja nikamalize eda yangu.

Mama mkwe alitupokea kwa machozi. Mkeka wangu alikuwa ameutandika palepale, sakafu ameifagia. Mtoto alikimbia akaweka kiganja ukutani, mahali pake. Nikamtoa. Akarudi. Nikamtoa.

Hazikupita wiki nyingi. Nilikuwa nachambua mchele, mtoto amejilaza kifudifudi kando yangu, sikio chini, kidole kinachora kwenye sakafu kisha kinaingia mdomoni. Akainua uso, akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

"Mama. Baba amerudi."

Mchele ulimwagika. Mama mkwe aliyekuwa mlangoni alisikia, akaja akapiga magoti, akaweka na yeye kiganja chini. "Mwache," aliniambia. "Mwache mwanangu amsalimie mwanawe."

Nilichukua simu nikampigia daktari. Nilimwambia hivyohivyo, mtoto anasema baba yake amerudi. Hakucheka. Akaniuliza, "Analala wapi? Anakaa wapi? Anashika nini?" Nikasema anakaa chini, na mimi. Akasema atampigia bwana afya wa wilaya.

Bwana afya alikuja kwa pikipiki na kifaa cha kupima risasi, kama vile vya kupimia joto kwenye paji la uso. Alikielekeza lilipokuwa jiko, akasoma. Alikielekeza ukutani, akasoma. Kisha akaniomba nisogee, akaukunja mkeka wangu, akakielekeza kwenye sakafu. Alisoma. Akakipangusa kwa shati, akarudia mahali pengine, na pengine, mpaka chini ya kitanda.

"Sakafu hii nani alisiriba?"

"Wanawake wa msiba."

"Udongo mlitoa wapi?"

Mama mkwe alimwonyesha kwa mkono, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Pale nyuma. Alipokuwa akifanyia kazi mwanangu."

Bwana afya akachuchumaa, akaitazama sakafu inayometameta. "Mama zangu," akasema, "mnakaa ndani ya betri."

Akatueleza kuwa mtoto hapati kipimo kingine cha dawa akiwa humu, kwani dawa ikimkuta anaendelea kuila risasi inaweza kumzidishia. Ahame kwanza, leo au kesho, na mikeka, magodoro na nguo za marehemu zibaki. Nilikuwa na shati moja la mume wangu nililolilalia tangu afariki. Nikamuuliza kama nalo. Akasema hilo hasa.

Alipoondoka, mama mkwe alisimama mlangoni.

"Mwanamke wa eda hahami."

"Mama, umesikia alivyosema."

"Nimesikia. Mtu wa pikipiki. Kaja na bunduki yake ya kuchezea, kaipiga nyumba ya mwanangu, kaondoka. Na wewe unataka kumfuata."

"Nataka kumpeleka mtoto kwa mama yangu Kipatimu. Sina pengine."

"Mpeleke mtoto, wewe baki umalize."

"Nani atamlisha dawa ile? Nani atamshika kichwa? Na wewe mama, usibaki humu."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Bado hajamaliza kuondoka, na mkewe anamkimbia."

Shemeji alikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa, akarudi akitabasamu tangu barabarani. Mwalimu alisema palipo na hofu ya uhai eda haivunjiki kwa kuhama. Nihame, nikaimalizie mahali salama.

"Mwalimu wenu," mama mkwe akasema, "hakumzaa aliyelala kaburini."

Aliingia ndani, akakaa sakafuni karibu na ukuta, akamwita mjukuu wake na kumpa kikombe cha uji mwenyewe, kama anavyofanya bibi anayetaka kuonyesha kwamba mambo ni yaleyale. Mtoto akanyoosha mkono wa kulia. Mkono ukaja mpaka kwenye kikombe, kisha kiganja kikaanguka, kikaning'inia. Akajaribu tena. Kikaanguka. Uji ukamwagika juu ya sakafu, na sakafu ikaunywa.

Mama mkwe aliutazama mkono ule. Nilijua anachokiona, kwa maana alikwishaniambia: kuna anayemshika, anamvuta chini. Na safari hii alijua ni nani.

Akageuka akaukabili ukuta. Aliusemesha kwa sauti ile ya mama anayemgombeza mtoto mkubwa mbele za watu.

"Mwachie," alisema. "Mwachie mama yake. Nimesema mwachie, baba. Huyu si wako tena."

Aliupiga ukuta kwa kiganja, vumbi likadondoka. Kisha bila kunitazama akasema, "Beba mtoto, nenda. Nitakaa naye mimi."

Tuliondoka kwa gari la mizigo linalopanda Kipatimu, mimi na mtoto na nguo safi tulizoazimwa na jirani. Shati nililiacha juu ya mkeka. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa bado amekaa, mgongo wake kwetu, paji la uso karibu kugusa udongo. Baadaye shemeji alimchukua akaishi naye Kilangala, na nyumba ikabomolewa, udongo wake ukafukiwa. Alikataa kupimwa damu. Mikono yake sasa inatetemeka, naye anasema ni uzee.

Kipatimu kuna baridi ya asubuhi na ukungu kwenye mihogo. Niliimalizia eda kwa mama yangu, katika chumba cha nyuma, nikimlisha mtoto uji unaonuka mayai viza mpaka majirani wakauliza tunapika nini. Tulishuka kupima, tukapanda, tukashuka tena. Damu ilisafika, ikachafuka kidogo, ikasafika. Daktari alikuwa ameniambia itakuwa hivyo, mifupa inarudisha ilichoweka. Mkono ulipata nguvu polepole. Shuleni ni mzito wa kusoma, na sijui kama ni risasi au ni sisi tu ambao hatukusoma. Daktari ameniambia pia kwamba ile iliyo mifupani atakaa nayo miaka mingi, na siku akibeba mimba nimkumbushe kwenda kupima.

Lakini hayo ni ya baadaye. Tulipofika Kipatimu, kabla kapsuli hazijaanza tena, nilimtua uani nikaingia kumsalimia mama. Nilipotoka mtoto hakuwepo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, shavu limeegemea ukuta, ulimi nje. Mama yangu alikuwa nyuma yangu anauliza kuna nini.

Mtoto aliulamba ukuta mara moja, akangoja, akaulamba tena pembeni kidogo. Kisha akanitazama, uso wake umekunjamana, karibu kulia.

"Huu hauna baba," akasema.

Nikamfuta mdomo kwa upande wa kanga, nikampeleka ndani kunawa mikono.